Wapigaji Wanne na Kiti Kimoja

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, watu wana redio, wana cherehani na bado akili hawana, palikuwa na mji mmoja wa reli ambao treni ilisimama humo kwa mazoea. Katika mji huo aliishi fundi wa nguo aliyeitwa Bi Nyamizi. Alikuwa na miwani ya karibu, na miwani ya mbali, na ulimi mmoja uliofika kotekote bila msaada wa miwani.

Kila Jumamosi mchana, Bi Nyamizi aliondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia, akaketi kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, na watu wanne wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wakaja kucheza. Msinicheke mimi, nawaeleza yaliyokuwa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kujifanya. Bi Nyamizi, kwa kuwa ndiye mwenye kiti, alisimulia nchi isiyokuwapo, yenye mapango na mazimwi, na wale wanne wakajifanya wasafiri wa nchi hiyo. Kila mmoja alikuwa na kadi, na kwenye kadi imeandikwa kazi yake huko safarini. Ukifika penye jambo gumu unasema unafanya nini, unarusha dadu. Dadu ikipanda, yaani ikitoa namba kubwa, umefaulu. Ikishuka, pole yako.

Sasa wasikieni wenyewe. Mrisho, karani wa posta, mtu wa kupisha jogoo wa jirani njiani, kadi yake ilisema yeye ni askari. Mwalimu Lugendo, wa hesabu, alikuwa mchawi, tena mchawi mwenye maneno arobaini ya kichawi, yote ameyaandika kwa wino na kuyapigia mstari kwa rula. Athumani Kapaya, tarishi wa mahakama, ambaye akiokota kifungo barabarani huzunguka nacho mtaa mzima akimtafuta mwenyewe, alikuwa mwizi. Na Kalunde alikuwa mganga.

Kalunde ndiye ninayetaka mumtazame. Kalunde hakuchagua uganga. Siku aliyoingia mchezoni, miaka sita nyuma, kadi tatu zilikuwa zimeshachukuliwa na wanaume watatu, ikabaki ya mganga imelala kifudifudi. Wakamsukumia. Wakamwambia msafara bila mganga hauendi, na kwamba yeye ana mkono mwepesi, na kwamba ataipenda. Naye nyumbani alikotoka alikuwa amemwacha mama mkwe mwenye mguu, mume mwenye tumbo na wifi mwenye kichwa, kila mmoja akiumwa kwa zamu ili mwenzake apumzike. Alikuja mezani kwa Bi Nyamizi ili kwa saa tatu asimkande mtu. Akapewa watatu wengine wa kukanda.

Basi miaka sita ikawa hivyo. Wale wanaume walikuwa hawajasema hata habari za mchana, wameshasema, "Dada Kalunde, nitibu." Aliwatibu. Lakini sikilizeni na hili, maana nisipolisema nitakuwa namwonea huruma bure: akishawatibu, naye alikuwa mpigaji kama wao.

Maana hapo ndipo penye kichekesho. Kadi zilikuwa nne na kazi nne. Akitokea zimwi, Mrisho alisema, ninampiga kwa upanga. Mwalimu alisema, ninampiga kwa moto. Kapaya alisema, ninampiga kwa kisu, kwa nyuma. Kalunde alisema, ninampiga kwa fimbo. Likitokea joka, upanga, moto, kisu, fimbo. Akitokea jini wa chupani, upanga, moto, kisu, fimbo. Siku moja Bi Nyamizi aliwatolea mama mmoja muuza mchicha, awaonyeshe njia tu, maskini, na kabla hajatua ungo wake ameshapigwa kwa vyote vinne. Walipoulizwa wakasema walidhani ni mtego.

Ikafika Jumamosi moja Bi Nyamizi akawatangazia kwamba anahama. Binti yake wa kando ya ziwa amemwita akakae naye, na treni ya Jumamosi inayofuata, ya saa kumi na moja, itamchukua yeye na cherehani yake. Meza anawaachia. Daftari kubwa lenye ramani zote za nchi isiyokuwapo anawaachia. Na kiti anakiacha, ila kiti hakina zamu na hakigawanywi. Atakayekikalia ni mmoja, huyo ndiye msimuliaji, na wengine watabaki na kadi zao mpaka wafe au wachoke.

Kalunde aliposikia hivyo moyo ulimpiga mpaka akaweka mkono kifuani kama anayetafuta pini. Mwenye kadi ana kazi moja. Mwenye kiti ana kazi zote. Mwenye kiti ndiye zimwi, ndiye mfalme, ndiye mto uliofurika na mama wa mchicha anayeonyesha njia. Akikipata kile kiti, hatamfunga mtu bandeji tena hata ya kujifanya. Akikikosa, Jumamosi inayofuata anarudi kwenye kadi ileile na kukanda watu walewale. Aliwahi kujaribu kusimulia akiwa kwenye benchi, siku Bi Nyamizi alipokuwa na homa. Alisimulia maneno matatu, Mrisho akamwomba chai, Mwalimu akamsahihisha ramani, na Kapaya, kwa adabu zake zote, akamwuliza kama kuna sukari. Watu wale hawakusikiliza mtu ila aliyekaa kwenye kile kiti. Alikitaka, jamani. Alikitaka mpaka usingizi ulimkimbia wiki nzima.

Jumamosi ikafika. Cherehani imefungwa kwa kamba mlangoni, na kazi zote za watu zimekwisha isipokuwa suruali moja. Mwenyewe alikuwa Mzee Ntandu, mzee aliyekuja kukunjiwa pindo na akakataa kuondoka bila suruali yake. Alikuwa amekaa pembeni amejifunga kitenge cha dukani chenye picha za mananasi. Mchezo hakuujua wala hakutaka kuujua.

Bi Nyamizi akasema atakayepata kiti ni yule atakayetambulika. Wakatazamana, maana walidhani wanatambulika wote, wanajuana miaka. Akawaeleza. Yeye ataingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, asiwaone. Watakutana na zimwi mmoja aliyekalia kisima cha kijiji, na watapambana naye mara tatu. Kila mara, kila mtu ataandika kwenye karatasi anafanya nini, atie ndani ya kopo la vifungo. Asitaje jina lake, asitaje kazi yake, asitaje silaha. Mzee Ntandu atazisoma, ili yeye Bi Nyamizi asiione miandiko. Kazi yake ni kusikia tendo na kusema nani kalitenda.

Mwalimu Lugendo akalalamika kwamba bila silaha watajulikanaje. Hapo Bi Nyamizi akavua miwani ya karibu, akavaa ya mbali, akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nashona nguo, Mwalimu, na nguo nazijua. Upanga ni nguo. Moto ni nguo, kisu nguo, fimbo nguo. Leo nataka mvue, nione ndani yake kuna nani."

Mrisho akashika kola. Bi Nyamizi akaingia nyuma ya pazia, akaendelea na pindo la suruali humohumo, akasimulia. Zimwi amekalia kisima. Kijiji hakina maji siku tisa. Mnafanya nini?

Wakaandika. Kalamu zilikwenda mbio, hakuna aliyefikiri, maana miaka sita walikuwa hawajawahi kufikiri mahali hapo. Mzee Ntandu akaingiza mkono kwenye kopo, akasogeza vifungo, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chumvi.

"Ninampiga."

Bi Nyamizi akasema huyo ni askari. Alikuwa Kapaya.

"Ninampiga sana."

Akasema basi huyu ndiye askari. Alikuwa Mwalimu.

"Ninampiga nikiwa nyuma yake."

Akasema huyu ni mwizi, hana shaka. Alikuwa Kalunde, ambaye alijiweka nyuma ya zimwi kwa sababu ndiko alikozoea kuwekwa, nyuma ya wenzake. Ya nne ilisema ninampiga, na Bi Nyamizi akakataa hata kubahatisha. Mzee Ntandu akageuza karatasi aone kama kuna zaidi kwa nyuma, halafu akauliza kwa upole kama hawa watu wanne ni ndugu wa tumbo moja.

Wakaona haya. Na watu wazima wakiona haya hufanya mambo ya ajabu. Mara ya pili kila mmoja akataka kuonekana si mwenzake. Wakaandika kwa kujikuna vichwa, wakikunja mikono kuzunguka karatasi kama watoto wa mtihani. Mzee Ntandu akasoma. Ya kwanza ilisema ninampiga kwa heshima zote. Ya pili ilisema nimempima urefu na upana, nikaona pembe iliyo bora, ndipo ninampiga. Ya tatu ilisema ninajifanya simpigi, kisha ninampiga. Ya nne, ya Kalunde, ilisema ninawaacha wenzangu wampige, kisha nami ninampiga.

Bi Nyamizi aliwatambua wawili na kuwakosea wawili, na akasema hata hao wawili haamini kama ni kutambua au ni kubahatisha, kwa hiyo hawahesabu. Akawaambia imebaki mara moja. Akawaambia treni haimsubiri mtu. Kisha akasimulia mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Zimwi, alisema, amepigwa mara nane. Amechoka, pigo moja tu litamwangusha na kisima kitakuwa cha kijiji. Lakini naye zimwi ana hila yake. Amemkamata askari, amemtia mdomoni hadi kiunoni, na meno yanashuka. Mnafanya nini?

Rangi ya Mrisho ilimtoka kana kwamba ni kweli. Sasa wakafikiri, na kufikiri mezani pale kulikuwa kugeni.

Nitawaambia alichofikiri Kalunde, maana ya wengine siyajui. Mkono wake ulitaka kuandika ninampiga. Pigo moja, zimwi chini, kijiji kimepata maji, na yeye Kalunde, aliyefunga vidonda miaka sita, ndiye aliyeua zimwi wa mwisho. Alilitaka pigo lile kama mtu anavyotaka maji ya kunywa. Lakini alijua wanaume watatu watapiga. Alijua kwamba asiyepiga ndiye atakayeonekana. Ili atoke kwenye uganga milele ilimbidi awe mganga kuliko siku zote. Akauma meno, akaandika: "Simpigi. Ninamvuta mwenzangu atoke mdomoni, ninamfunga jeraha." Hakumwonea Mrisho huruma hata chembe. Akakunja karatasi, akaitia koponi.

Wote walikuwa wakitazama pazia. Mzee Ntandu akaingiza mkono.

"Ninamsahaulisha zimwi njaa yake," akasoma, akainua nyusi, maana hili lilikuwa jipya.

"Mchawi," akasema Bi Nyamizi papo hapo. Akarusha dadu, ikapanda. Akasimulia kwamba zimwi amesahau anachotafuna na kwa nini, na mdomo umelegea. Mwalimu Lugendo akatabasamu mpaka ufizi. Lilikuwa neno la thelathini na saba katika maneno yake arobaini, na tangu aliandike hajawahi kulitumia hata mara moja.

Mzee Ntandu akasoma ya pili. "Ninampiga."

Bi Nyamizi akasema: "Huyo ni askari. Yumo mdomoni nusu mtu, na bado hajui kingine. Ni Mrisho." Dadu ikapanda. Pigo likatoka ndani, zimwi akayumba, akaanguka, na meno yakaanguka naye, askari bado yumo mdomoni.

Kalunde akasubiri ya kwake. Mzee Ntandu akasogeza vifungo huku, akavisogeza kule. Akamimina kopo lote mezani. Vifungo vya shati, vya koti, vya suruali, karatasi hakuna.

"Zimekwisha," akasema. "Zilikuwa mbili."

Kalunde akasema ameitia kwa mkono wake. Akasema tena. Sauti ilimpanda, na macho yakamjaa, maana aliona miaka sita mingine inamjia moja kwa moja. Na hapo nyuma ya pazia Bi Nyamizi akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka pete za pazia zikagongana.

"Nani kaiba? Huyo aliyeiba ndiye mwizi. Nimemtambua bila hata kusomewa."

Athumani Kapaya alikuwa amesimama anatiririka jasho. Akavua kofia. Ndani ya kofia palikuwa na karatasi ya Kalunde, na tangu azaliwe hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuchukua kisicho chake. Hakuwa ameandika cha kwake hata neno. Mzee Ntandu akaipokea, akaisoma. Bi Nyamizi akatoka nyuma ya pazia na suruali mkononi, akasema mganga, huyo ni mganga. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshaingia koponi kabla ya kuibwa, akaihesabu. Akarusha dadu. Ikapanda. Mrisho akavutwa kutoka mdomoni, kisima kikawa cha kijiji.

Haya sasa. Wanne wote wametambulika, na kiti ni kimoja, na huko stesheni kengele ya kwanza imeshagongwa. Bi Nyamizi akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti, akasema kila mmoja aseme haki yake upesi.

Mwalimu Lugendo akasema kiti ni chake. "Nilitambuliwa wa kwanza, na kwa tendo ambalo hakuna mwingine angeweza kulitenda. Askari hawezi kumsahaulisha zimwi njaa. Mwizi hawezi, mganga hawezi. Nisingemlegeza mdomo, huyu angekuwa ameshatafunwa."

Kalunde akamjibu kwamba neno hilo amekuwa nalo miaka sita. Miaka sita mazimwi wanatafuna watu, yeye Kalunde anashona nyama za wenzake, na Mwalimu amekaa juu ya neno la thelathini na saba kwa sababu moto unapendeza zaidi kuutaja. Mwalimu akasema lilikuwa linasubiri wakati wake. Hakuna aliyemwamini, ila pia hakuna aliyeweza kukana kwamba lilimlegeza mdomo zimwi.

Mrisho akasema kiti ni chake. Na huyu karani wa posta, mpisha jogoo, akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Kupiga ni kazi yangu. Kumeandikwa kwenye kadi yangu. Ninyi ndio mlionivamia, mkapiga kwa moto, mkapiga kwa kisu, mkapiga kwa fimbo, kisha mkasema Mrisho hana tofauti. Mimi sikuhama. Ninyi mlipoondoka kwenye kazi yangu, nikaonekana. Na zimwi nimemwua mimi."

Kapaya akasema, huku hajamtazama Kalunde, kwamba hilo ni kweli, ila mtu anayeandika neno moja mara tatu hajacheza, amesahau kubadilisha tu. Mrisho akamwuliza kama mwizi ana uso wa kumsema mtu.

Ndipo Kapaya akasema kiti ni chake, na alisema kwa aibu kubwa. Wenzake, alisema, waliandika kazi zao. Yeye aliifanya. Wenzake walitambuliwa kwa kusomewa, yeye alitambuliwa kwa kitu kilichokosekana, na je, mwizi anatambulikaje kama si hivyo? Akamgeukia Kalunde akamwomba radhi, akasema angeweza kuiba ya Mwalimu au ya Mrisho, ila mkono ulikwenda kwa ile ambayo mwenyewe angeililia zaidi, kwa kuwa kuiba kitu kisicholiliwa si kuiba.

Kama kuna siku Kalunde alitamani mwenye kadi ya fimbo awe na fimbo ya kweli, ilikuwa ile. Akasema kiti ni chake yeye. "Nilikuwa na pigo la ushindi mkononi nikaliacha. Ninyi nyote mlifanya mlichokipenda, mimi nilifanya nisichokipenda, na nikakifanya sawasawa. Mrisho yupo hai kwa sababu yangu."

Mwalimu Lugendo, mtu wa hesabu, akakohoa. Akasema kuna tatizo. Ya Kalunde ilisomwa ya mwisho. Watatu wakiwa wameshajulikana, hata mbuzi angejua wa nne ni mganga. Bi Nyamizi hakumtambua, alitoa tatu kwenye nne. Kalunde akasema hilo ni kosa la mwizi, si lake. Kapaya akainamisha kichwa, akakubali kwamba ni kosa lake, na akasema ndiyo maana yeye ni mwizi mzuri. Walikuwa nusura washikane.

Bi Nyamizi akawanyamazisha, akamwuliza Kalunde jambo moja tu: kwa nini alimvuta Mrisho. Kalunde angeweza kusema kwa sababu ya utu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, ya kuliza. Lakini alikuwa amechoka kusema mazuri.

"Kwa sababu nakitaka kiti," akasema. "Nimechoka kutibu."

Mrisho akaonekana kuumia kidogo. Wakamgeukia Mzee Ntandu, kwa kuwa ndiye pekee asiye na upande, wakamwomba aamue.

Mzee Ntandu akasema yeye ameamua zamani, amekuja kuchukua suruali. Wakamsihi. Akasema yeye hawajui hawa watu, ila ana swali kwa fundi. "Miaka yote hiyo umewaletea nini?" Bi Nyamizi akasema mazimwi, majoka, majini. "Na zimwi anafanywa nini zaidi ya kupigwa? Ungewaletea mama mwenye mimba njiani, au mlango uliofungwa, au mfalme anayedanganya, ungewajua siku ya kwanza. Umewapa misumari miaka yote, leo unashangaa kila mmoja ana nyundo." Akanyoosha mkono akachukua suruali yake, akaingia nyuma ya pazia kuivaa.

Bi Nyamizi akakodoa macho. Kengele ya pili ikagongwa stesheni. Wapagazi wakaja, wakanyanyua cherehani. Akabaki amesimama, mkono kwenye kiti, na jina moja mdomoni.

Nami nitaishia hapo, maana jina alilolitaja nalijua na siwaambii mpaka ninyi mseme la kwenu. Wala msinichoshe na majibu ya kivivu. Msiseme wakalie kwa zamu, nimeshawaambia hakina zamu. Msiseme apewe Mzee Ntandu, hakitaki, ameshafika kwake na suruali inamkaa vizuri. Msiniambie Bi Nyamizi asiondoke, treni inaita.

Mchawi alitambulika wa kwanza kwa tendo lisilofanywa na mwingine, ila alilificha miaka sita wenzake wakiliwa. Askari hakufanya ila lilelile, na lilelile ndilo lililoua. Mwizi alikuwa mwizi kweli, na aliyemwibia ni mwenziwe. Mganga alimwokoa mtu asiyemwonea huruma, kwa sababu ya kiti, na bado yule mtu yupo hai. Na aliyewafundisha wote kupiga ndiye anayewahukumu kwa kupiga.

Haya, semeni. Kalunde amesimama hapo mezani, kadi ya mganga mkononi, hajui aiweke chini au aikunje tena aitie mfukoni. Je, nani alistahili?